Mayai ya Ndanu na Mbuzi wa Kola

Ndanu hushona sare za shule katika kibanda kilichopakana na duka langu, upande wa chini wa soko la Machakos. Ukuta unaotutenganisha ni wa mabati, kwa hiyo cherehani yake ikinyamaza mimi hujua. Ni mrefu, mwembamba, na zamani alikuwa na kicheko kilichoanza kabla hajamaliza mzaha wake mwenyewe. Wateja walikuwa wakikaa pale hata baada ya kupimwa, wakimsikiliza.

Mengi ya haya niliyaona. Mengine aliniambia mwenyewe, na machache nilielezwa na dada yake, Nthenya, na shemeji yake.

Mama yao alifariki Ndanu akiwa darasa la tatu. Baba yao, mzee Muindi wa Kalama, hakuoa tena, na kazi ya kumlea mdogo ikamwangukia Nthenya, ambaye hata yeye alikuwa msichana tu. Nthenya ndiye aliyemsuka nywele, akamfundisha kupika muthokoi usioungua chini, akamsindikiza shuleni siku ya kwanza ya kidato cha kwanza akiwa amebeba godoro kichwani. Kwa hiyo mwaka wa 2021, Nthenya alipokuja kibandani na kuketi juu ya gunia la vitambaa bila kusema kitu, Ndanu aliacha kushona kabla hajaombwa.

Nthenya ameolewa Kola na Kiema, mwalimu wa shule ya msingi. Walikuwa wameishi miaka mingi bila mtoto. Walikuwa wameanzia hospitali ya kaunti, wakaenda kwa madaktari wa Nairobi, na yule wa mwisho aliwaambia wazi. Kiema hakuwa na tatizo, na tumbo la Nthenya halikuwa na tatizo. Ila mayai yake ya uzazi yalikuwa yameisha kabla ya wakati, jambo linalowapata wanawake wachache bila kosa lao. Akipata mayai ya mwanamke mwingine, yakachanganywa na mbegu za mumewe katika maabara, mimba ingeweza kupandikizwa kwake, na angeibeba na kujifungua kama mwanamke yeyote. Mtoaji angeweza kuwa mtu wasiyemjua, au ndugu.

"Wa mtu nisiyemjua, nitakuwa nikimwangalia mtoto usoni nikijiuliza amefanana na nani," Nthenya alimwambia. "Wako, nikimwangalia nitamwona mama."

Ndanu alikubali papo hapo. Aliniambia baadaye kwamba hata hakuelewa vizuri anachokubali, alielewa tu ni nani anayeomba.

Mimi niliingia katika habari hii kwa sababu ya friji. Alikuja asubuhi moja nikipanga pakiti za maziwa.

"Mama Linet, friji yako iko na nafasi kidogo?"

"Ya nini? Umeanza kuuza mala?"

"Ni ya sindano. Nitakuambia, lakini usiniangalie hivyo kwanza."

Akaniambia. Nilimpa rafu ya chini, nyuma ya maziwa, na kila jioni kabla ya kufunga alikuja kuchukua dawa yake, akaingia kibandani kwake nyuma ya pazia ambako wateja hujaribu nguo, akajidunga tumboni. Mara ya kwanza alikaa ndani muda mrefu hadi nikamwita.

"Uko sawa?"

"Niko. Naitafuta nyama ya kudunga, siioni."

"Nikusaidie?"

"Wee, Mama Linet, mikono yako ya kukata sukuma? Baki hapo hapo." Kisha akacheka. "Sasa mimi ni kuku wa kienyeji. Wanilishe vizuri, nitage."

Kliniki ya Nairobi haikumchukua hivi hivi. Alipimwa damu, akapigwa picha za tumbo mara kadhaa, na wote watatu wakaketishwa mbele ya mshauri, mama mmoja mpole aliyewauliza maswali kwa zamu. Nani ataambiwa? Wakajibu kwamba hakuna, ni wao watatu tu. Mtoto je, akikua? Nthenya akasema wataona wakati huo. Kisha mshauri akamgeukia Ndanu. "Na ukiolewa, mume wako utamwambia?"

"Nimpate kwanza," Ndanu akasema, na hata mshauri akacheka.

Mayai yalitolewa akiwa amelala kwa dawa ya usingizi. Alirudi Machakos siku hiyo hiyo, tumbo limevimba, hawezi kunyooka. Nthenya alikaa naye chumbani kwake hadi alipopata nafuu, akamkanda kwa maji moto na kumpikia uji, kama alivyomfanyia akiwa mdogo. Nilipopita kuwaona niliwakuta wanaangalia picha za mama yao kwenye albamu yenye jalada lililobanduka. Sijawaona tena wakiwa namna ile.

Mimba ilishika, na yaliyobaki yakahifadhiwa kwenye barafu huko kliniki. Mwanzoni hakuna aliyeambiwa, kama walivyokubaliana. Lakini huko Kola kulikuwa na Kalekye, mama yake Kiema.

Kalekye alikuwa mjane, mtu wa kanisa, shamba lake limekatwa matuta safi kuliko ya vijana, na sijasikia mtu aliyesema amewahi kudhulumiwa naye hata kikombe cha mahindi. Kwa miaka ile yote hakumtukana Nthenya. Lakini alikuwa na dawa yake ya kienyeji kwa nyumba isiyo na mtoto, na ni dawa ambayo Wakamba wanaijua: mke asiyezaa anaweza kuoa msichana kwa jina lake mwenyewe. Msichana huyo huitwa iweto. Watoto atakaowazaa wanakuwa wa nyumba ya yule aliyemwoa, wanaitwa kwa majina ya nyumba hiyo, na hakuna mtu wa ukoo anayeweza kuwauliza wametoka wapi. Kalekye alikuwa ameshampata msichana, huko upande wa Yatta, na alikuwa akiongea na wazazi wake.

Kiema alipogundua, aliona njia ya kumzuia ni moja tu, kumwambia ukweli. Akamketisha mama yake jikoni, akamweleza kwamba Nthenya ana mimba tayari, na mimba hiyo imepatikana namna gani. Alieleza kama mwalimu, polepole, akichora kwa kijiti kwenye majivu.

Kalekye alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Mbegu ni yako?"

"Ni yangu, mwaitu."

"Na yai ni la yule mdogo, Ndanu."

"Ndiyo."

"Basi mmeoa," akasema. "Mbona hamkuniambia? Ningepeleka mbuzi mapema."

Kiema akacheka, akidhani ni mzaha wa mzee. Akamsihi asimwambie mtu, Kalekye akakubali, na ahadi hiyo aliitimiza. Watu wangesema mengi kama angekuwa mtu wa maneno mengi, na huenda mambo yangenyooka mapema. Lakini alinyamaza, akangoja mtoto azaliwe.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, katikati ya mwaka wa 2022. Kwa desturi binti wa kwanza huitwa jina la mama yake baba, kwa hiyo akaitwa Kalekye. Nthenya alinitumia picha. Mtoto alikuwa na paji la uso la Ndanu na vidole virefu vya Ndanu, na Ndanu aliitazama ile simu yangu muda mrefu, akanirudishia.

"Ni mzuri," akasema.

"Ni wewe mtupu."

"Ni mama," akanisahihisha.

Wakati huo Ndanu alikuwa amempata Muema. Muema ni fundi wa pampu za maji, mtu wa maneno machache, na alikuja kibandani kuwekewa viraka kwenye ovaroli. Akarudi na ovaroli ya pili, kisha ya tatu, ambayo haikuwa imechanika mahali popote. Ndanu akaigeuza huku na huku.

"Sasa hii nishone wapi?"

"Tafuta," Muema akasema. "Mimi niko na wakati."

Huo ndio uliokuwa mwanzo wao. Kufikia mwisho wa mwaka walikuwa wanaongea habari ya ndoa. Ndanu alitaka kumwambia kuhusu mayai, lakini ile siri haikuwa yake peke yake, na alipomuuliza Nthenya kama anaweza, Nthenya alisema, "Bado mtoto ni mdogo. Ngoja kidogo." Akangoja.

Mwezi wa kumi wa mwaka huo huo, mtoto angali mchanga na Nthenya hajaanza kutoka nyumbani, Kalekye alifunga safari kwenda Kalama na mbuzi. Alikuja na ndugu ya marehemu mumewe na wazee wengine wawili wa ukoo. Mvua ilikuwa imekataa misimu kadhaa, mifugo ilikuwa inakufa njiani, na mbuzi wale walikuwa wamenona. Mzee Muindi alivyowaona wakiingia uani alishika kiuno kwa mshangao. Ndanu alikuwa nyumbani wikendi hiyo, na Kalekye alikuwa amehakikisha hivyo kwa kumpigia simu.

Mzee wa ukoo alisema wameleta ntheo. Hao ni mbuzi wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana. Mmoja huchinjwa hapo hapo, na nyama yake ikishaliwa na pande zote mbili, msichana ni mke wa watu, harusi ya kanisani iwepo isiwepo. Mzee Muindi hakushangaa kusikia neno hilo. Nthenya na Kiema walifunga ndoa kanisani kwa haraka, na badala ya mbuzi ilitolewa bahasha. Familia nyingi hufanya hivyo, kisha hurudi kurekebisha baadaye, wengine hata wakiwa na wajukuu. Sasa mtoto amepatikana, akafikiri, na hawa watu wa heshima wamekuja kutengeneza mambo ya Nthenya. Aliguswa sana, katika ukame ule.

Kalekye alikuwa amewaambia wazee wake tu kwamba nyumba ya Nthenya inapata iweto, akawaonya wasitaje jina la msichana, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la siri na majirani walikuwa wanasikiliza. Kwa upande wake aliamini mzee Muindi anajua kila kitu. Baba gani hajui binti yake amefanya jambo kama hilo? Na kwa upande wake mzee Muindi hakuona sababu ya kuuliza wanakuja kwa binti yupi. Waliketi pamoja mchana mzima, watu wawili wasiopenda uongo, na hakuna aliyesema neno lisilo la kweli.

Mbuzi alichinjwa, akachomwa. Ndanu ndiye aliyekuwa akipitisha maji ya kunawa. Kalekye akamshika mkono, akamketisha karibu naye, akachagua kipande kizuri akamwekea kiganjani.

"Kula kwanza, mwanangu."

Ndanu akamtazama baba yake. Alijua bibi arusi ndiye huanza, na akadhani anakula kwa niaba ya dada yake anayenyonyesha.

"Kula," baba yake akasema. "Usiwangojeshe wageni."

Akala. Kalekye alifuta machozi kwa ncha ya leso, na wazee wakapokea nyama zao.

Jumatatu Ndanu alinisimulia kwa furaha. "Mama Linet, ungeona vile walimheshimu baba." Hata mimi niliyejua habari ya mayai sikushtuka. Nilimuuliza tu kama alinibakishia nyama.

Mwaka uliofuata, watu wa Muema walianza kuuliza. Hiyo ni kawaida. Kabla hujapeleka mbuzi wako mahali unatuma mtu ajue ni nyumba gani. Mjomba wake Muema alikuwa na jamaa Kola, na jamaa akamwambia kuna dada aliyeolewa pale, nenda kwa mama mkwe wake, huyo hatakudanganya. Mjomba akaenda. Kalekye akamkaribisha, akampa chai, akamsikiliza, kisha akaweka kikombe chake chini.

"Mkwe wangu, umechelewa," akamwambia. "Huyo msichana ni mke wa nyumba hii. Mbuzi zake zilishaliwa, na alikula kwa mkono wangu."

Muema alifika kibandani mchana huo huo, hana ovaroli mkononi. Alisimama mlangoni.

"Kuna watu Kola wanasema wewe ni bibi yao."

"Wanasema nini?"

"Ndanu, ulikula mbuzi ya watu?"

Nilisikia cherehani ikisimama. Halafu nikamsikia Ndanu akianza kucheka, kama mtu aliyesikia kitu cha kipuuzi, na kicheko kikaishia katikati. Alikuwa amekumbuka kile kipande cha nyama.

Hapo ilimbidi aseme yote, kwa maana bila habari ya mayai habari ya mbuzi haikuwa na kichwa. Mwanaume wa kwanza kumwambia ikawa ni Muema, na akamwambia akiwa amesimama katikati ya sare za shule, mimi nikiwa upande wa pili wa mabati nikijifanya napanga sabuni. Muema aliuliza kama iliuma. Aliuliza kama mtoto anamjua. Kisha akasema jambo ambalo mimi naliona lilikuwa la haki.

"Hiyo ya mayai mimi nitaizoea. Ulimsaidia dada yako. Lakini baba yangu hawezi kupeleka mbuzi mahali za wengine zimeliwa na hazijarudi. Wakirudishiwa, nakuja kesho."

Mzee Muindi alipoelezwa alikaa kitako kwenye kizingiti cha nyumba yake, akasema mara kadhaa, "Lakini mimi nilijua ni za Nthenya." Hakumfokea Ndanu. Aliuza ng'ombe dume mmoja, akanunua mbuzi wa kurudisha, wakubwa kuliko wale walioletwa, akampa Ndanu awafikishe Kola pamoja na mzee mmoja wa upande wao. Ndanu aliniomba niende naye. Nilifunga duka, nikaenda.

Tulikuta wametungoja. Kalekye alikuwa amemweka mjukuu mapajani, mtoto ambaye sasa alikuwa anajaribu kusimama. Nthenya alikaa karibu na mlango, Kiema nyuma yake. Mbuzi tuliwaacha wamefungwa kwenye ua.

Ndanu aliongea vizuri, kwa heshima. Alisema hakujua. Alisema alipotoa mayai aliyatoa kama zawadi, hakuolewa na mtu, na hata kwenye kliniki waliandika hivyo. Alisema ana mtu anayetaka kumwoa.

"Nimekusikia, mwanangu," Kalekye akasema. "Mimi sifungi mtu kwa kamba. Ukitaka mbuzi zirudi, zitarudi, hata leo. Lakini niambie kitu kimoja. Zikirudi, huyu ni wa nani?"

Akamwinua mtoto kidogo.

"Ni wa Nthenya," Ndanu akasema. "Ni wa Kiema."

"Damu ni yako na ya Kiema. Kama wewe ni wa nyumba hii, basi huyu ni wa nyumba hii, imekwisha, hakuna mtu wa kuuliza. Kama wewe si wa nyumba hii, basi mwanangu amezaa na msichana wa watu huko nje, na mimi nimempa jina langu mtoto ambaye ni wa Kalama. Sitamchukia. Lakini ukoo ukiniuliza, sitadanganya. Siku ya kugawa shamba hawatamhesabu. Siku ya kumwoza hawatajua mbuzi ziende wapi. Na yule anayewarudisha mbuzi atalazimika kusema kwa wazee ni kwa nini."

"Mama, sheria haisemi hivyo," Kiema akasema. "Cheti cha kuzaliwa kina jina langu na la Nthenya."

"Hicho cheti kitakaa kwa sanduku lako, Kiema. Yeye atakaa hapa, na watu."

"Lakini wewe ulipeleka mbuzi bila kuniuliza!"

"Uliniona nikizitoa zizini. Ukanifungulia lango."

Kiema aliniambia baadaye kwamba aliwaona, ndiyo, akadhani ni zawadi ya mjukuu. Mtu amepata mtoto baada ya miaka yote hiyo, mama yake anapeleka mbuzi kwa wakwe, utauliza nini?

Walizunguka pale hadi jua likaanza kushuka. Nilitafuta akilini mtu wa kuwaamulia, nikakosa. Padri hawangeweza kumwendea, kwa sababu kanisa lenyewe halikubali mtoto kupatikana kwa njia ile, na Nthenya alikuwa bado anapokea sakramenti. Chifu hawangeweza kumwendea bila Kola yote na Kalama yote kujua. Mshauri wa kliniki angesema kile alichosema Kiema, na Kalekye angemjibu vile vile.

Nthenya ndiye aliyemaliza. Aliinuka, akamchukua mtoto kutoka kwa mama mkwe, akaja akapiga magoti mbele ya mdogo wake, mtoto akiwa katikati yao. Hakumwomba kitu. Alilia tu, na mtoto akaanza kulia kwa kuona mama yake analia, akanyoosha mikono kwa Ndanu.

Ndanu akambeba. Alimtuliza, akamfuta pua kwa kanga yake. Kisha akatuambia, mimi na yule mzee, "Twendeni."

"Na mbuzi?" mzee akauliza.

"Tunarudi nao."

Tulirudi nao. Njiani mmoja alikataa kutembea na ikabidi tumbebe kwenye boda boda, miguu imefungwa, akipiga kelele hadi Kalama. Mzee Muindi aliwaona wakirudi, akawafungulia zizi.

Muema alikuja mara mbili zaidi. Mara ya kwanza walizungumza kwa sauti ya chini, sikusikia. Mara ya pili alisimama mlangoni kama siku ile.

"Kwa hiyo umechagua."

"Kuna mtoto, Muema."

"Najua kuna mtoto. Hata sisi tungekuwa naye."

Muema alichukua ovaroli yake ya mwisho iliyokuwa imetundikwa, akaikunja, akaiweka chini ya kwapa. Sikumwona tena upande wetu wa soko. Nasikia anachimba visima huko Makueni, na ameoa.

Kuna wengine walijaribu kumkaribia Ndanu baada ya hapo, mmoja mfanyabiashara wa viatu kutoka Murang'a, asiyejali mambo ya mbuzi wa Wakamba. Alimwambia wazi kabisa, "Mimi hizo ntheo zenu sizijui, twende kwa D.C. tuandikishane." Ndanu aliniambia alifikiria. Lakini akiolewa kwingine, kwa njia yoyote, pale Kola itakuwa mke wa nyumba ametoroka, na swali la mtoto litaanza upya. Akamshukuru, akamshonea shati, akamwacha.

Kalekye mzee alifariki mwaka huu, kabla ya mvua za masika, baada ya ugonjwa mfupi. Tulienda mazishini. Kulikuwa na watu wengi, maana alikuwa mtu aliyependwa. Ndanu alikuwa ameketi nami kwenye viti vya wageni, chini ya tenti, nguo nyeusi aliyojishonea. Baada ya misa, msimamizi akaita watu kwa makundi waje waweke udongo: watoto, ndugu, wajukuu. Kisha akaita wakaza mwana wa nyumba hii.

Nthenya akasimama peke yake. Kiema ndiye mtoto wa pekee wa kiume. Yule mzee wa ukoo, aliyeleta mbuzi Kalama, akaangaza macho kwenye viti, akamwona Ndanu, akamwita kwa mkono. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anaona mtu amesahau nafasi yake.

Watu waliokuwa karibu waligeuka. Kalekye mdogo, amevaa gauni jeupe, alikuwa mbele pale amemshika baba yake mkono, na alikuwa akitutazama.

Ndanu akanipa mkoba wake. Akaenda. Akasimama kando ya Nthenya, akachota udongo, akatupa.

Jioni hakurudi nami. Wakaza mwana hubaki kuosha vyombo. Alirudi kibandani siku ya tatu, mikono imepasuka kwa sabuni, akaanza kukata vitambaa vya sketi za shule ya upili. Nilimpelekea chai.

"Nthenya anasema mwezi wa nane wanarudi Nairobi," aliniambia bila kuinua kichwa. "Yale yaliyobaki bado yako kwa barafu. Wazee wanataka kijana wa kulishika shamba."

"Alikuomba lini?"

"Hakuniomba. Kwa kliniki ni yao sasa. Na kwa nyumba pia." Akapitisha makasi kwenye kitambaa hadi mwisho wa chaki. "Tulikuwa tunaosha sufuria. Akaniambia tu, kama vile ungemwambia mtu maji yamechemka."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nilipokea sufuria," akasema. "Nikasuuza."